Pembe ya Goti la Wavinya

Mume wangu Ramzi alifungua skrubu ambayo haikupaswa kufunguliwa, na aliifungua kwa wema. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nimekaa hapa kumlaani. Kumlaani nimeshamlaani, jikoni, kwa sauti ya chini, na haikusaidia kitu.

Wanawake wengine huletewa mke mwenza. Mimi nililetewa masanduku. Tangu Ramzi astaafu kazi ya mabomba ya maji hapa Machakos mjini, hakuna mnada anaousikia akatulia nyumbani. Shule ikiuza madawati mabovu kule Matuu, yupo. Kanisa likiuza mbao za paa Muthetheni, yupo. Na harudi na kitu cha maana hata siku moja. Anatafuta vifaa vya zamani vya useremala, tena si vyote. Msumeno hautaki, randa haitaki. Anachotaka ni vile vya kupimia na kuchorea alama tu: futi za mbao za kukunja, pimamaji za shaba, bikari, timazi, geji zenye pini ya kukwaruza mstari kwenye ubao. Vimejaa ukuta mzima wa sebuleni, wageni wa Idi wanakula pilau huku wakitazamwa na vyuma. Na mwenyewe hajui kupigilia msumari. Kitanda chetu kikilegea, namwita fundi kutoka nje. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Marehemu baba yake, Mzee Shaaban, alikuwa fundi wa milango, na hakumruhusu kushika msumeno kwa sababu ya mikono yake ya pupa. Alimpa kazi moja tu, kushika ncha ya uzi wa chaki mstari unapopigwa. Nadhani ndiyo maana hadi leo anapenda kile kinachotangulia kazi kuliko kazi yenyewe.

Ana sheria moja ambayo haivunji. Kifaa cha kupimia lazima kisogee. Akileta bikari iliyoganda kwa kutu, hatalala vizuri mpaka miguu yake ifunguke na kufunga. Huniambia, "Kilichokwama ni maiti, Mama Swabra, na maiti hawekwi kwenye rafu."

Mnada uliotuletea hiyo skrubu ulikuwa katika chuo cha ufundi upande wa Kithimani. Karakana ya useremala ilikuwa imefungwa siku nyingi, vijana sasa wanataka simu na umeme, na bodi ikaamua kuuza vifaa vikuukuu. Mimi nilikwenda kwa sababu nilisikia kuna sufuria kubwa za jikoni. Sufuria zilikuwa zimetoboka. Basi nikakaa kivulini nikimtazama mume wangu akizunguka mafremu ya dirisha kana kwamba ndiyo aliyoyafuata, kumbe jicho liko kwenye sanduku chini ya benchi. Wanunuzi wengine walikuwa watu wa vyuma chakavu, wanataka uzito. Dalali alipolitaja fungu hilo, walicheka na kumwachia.

Ndani ya sanduku kulikuwa na skwea ya kukunja. Skwea ya kawaida inajua pembe mraba peke yake, lakini hii ina mpini wa mbao nyeusi na ulimi wa chuma unaozunguka, na skrubu ya shaba ya kuukaza pembe yoyote fundi anayotaka. Ulimi wake ulikuwa umekazwa ukiwa karibu kunyooka, lakini haujanyooka. Kutu ilikuwa imeshika kila mahali. Ramzi aliibeba mapajani njia nzima kama mtu aliyepewa mtoto wa kushika.

Aliiloweka kwa mafuta ya taa, akaitoa, akaipaka oili, akairudisha. Nyumba ikanuka gereji. Ulimi akausugua kwa msasa mpaka ukawa kama kioo cha kujitazamia. Jumamosi nikiwa nasonga ugali, aliniita kwa sauti ya furaha nikadhani Swabra, binti yetu, amefika kutoka Mombasa bila kutuambia. Nilimkuta amesimama katikati ya sebule, skrubu imeachia, na ulimi ule unazunguka kwa kidole kimoja. Akaufungua wote, ukanyooka na mpini kama rula. Nilipiga makofi. Alikuwa na furaha, na mimi ni mke wake.

Jumatatu ikapigwa simu. Ramzi sikio moja ni zito, kwa hiyo simu zake zote tunazisikia pamoja na majirani. Aliyepiga ni Festus, askari wa kile chuo. Alianza kwa kuomba msamaha kwamba siku ya mnada alikuwa likizo, kama angekuwepo angesema. Akauliza kama kwenye lile sanduku kulikuwa na skwea ya kukunja. Ramzi akamwambia iko, tena iko salama.

"Mzee, hiyo si ya chuo," Festus akasema. "Ni ya Mwalimu Aloys mwenyewe. Hiyo pembe ni ya mguu ya mtoto wake. Msichana alikufa na yeye akaacha hiyo kitu vile ilikuwa. Sisi wote tulijua. Hakuna mwanafunzi alikuwa anaigusa, hata vumbi tulikuwa tunapuliza na mdomo."

Alitueleza yote. Mwalimu Aloys Kitonga alifundisha useremala chuoni hapo. Binti yake Wavinya aliugua akiwa mdogo na goti moja likajikunja, likagoma kunyooka. Daktari wa misheni alisema mguu unaweza kurudi, polepole, ukifungwa kwenye kigango cha mbao kinachoufungua kidogo kidogo. Basi baba yake akawa ndiye mtengenezaji wa vigango. Kila mara mguu ulipolegea kidogo, aliweka ile skwea chini ya goti la mtoto, akaikaza, akaenda nayo karakana kukata kigango kipya kwa pembe hiyo mpya. Mwaka baada ya mwaka skwea ilikuwa inafunguka. Zilikuwa zimebaki nyuzi chache za pembe mtoto asimame kama wenzake, ndipo homa ya mapafu ikamchukua. Alikuwa na miaka minane. Mwalimu aliitundika skwea juu ya benchi lake ikiwa bado na pembe ya asubuhi aliyompima mara ya mwisho. Miaka mingi baadaye kiharusi kilimwangusha hapo hapo kazini, akachukuliwa mbio hospitali, na hakuwahi kurudi kukusanya vitu vyake, vikatiwa sandukuni. Sasa amesikia kumekuwa na mnada.

"Hatafuti zile zingine," Festus akasema. "Anataka hiyo moja. Na isifunguliwe."

Ramzi akasema sawa, mzee aje Jumatano aichukue. Akaweka simu chini, akatazama rafu. Skwea ilikuwa pale, inang'aa, imenyooka.

Mume wangu si mtu wa kulia, lakini siku ile alikaa chini sakafuni na kulia kama mtoto aliyepoteza pesa za dukani. Kisha akainuka akaanza kuhangaika na balbu na miwani. Aliniambia kwamba kifaa kilichokaa pembe moja muda mrefu huweka kumbukumbu yake chenyewe, kutu huacha mstari pale ulimi unapoingia kwenye mpini. Ukiufuata mstari huo unaipata pembe. Lakini ule mstari ndio aliousugua kwa msasa. Aliutafuta siku mbili. Alichokuwa ameondoa kilikuwa kimeondoka.

Nilimwambia amweleze mzee ukweli akifika tu, kabla hata ya chai. Maji yakimwagika hayazoleki, ila aliyeyamwaga ana mdomo wa kusema. Akakubali. Akasema atamwambia.

Walikuja Jumatano mchana. Mwalimu Aloys alikuwa mrefu, amepinda upande mmoja, mkono wa kulia umelala kifuani na wa kushoto umeshika mkongojo. Mkewe alimfuata nyuma akimwangalia miguu. Jina lake Syombua, lakini mumewe alimwita Mama Wavinya, na nikaona kwamba ameitwa hivyo maisha yake yote, mtoto akiwepo na asipokuwepo. Niliwakaribisha, nikaleta chai na mahamri. Walitusalimia kwa heshima, wakatushukuru kwa kuitunza skwea. Walitushukuru mara nyingi mno.

Nilimtazama Ramzi, nikangoja aseme. Aliinuka tu. Kisha akaenda kwenye rafu, akaichukua skwea, na nikaona kwamba alikuwa ameikaza tena, karibu na kunyooka lakini haijanyooka, mahali alipokisia. Akampa mzee kwa mikono miwili.

Mwalimu hakuitazama sana. Aliulaza mpini juu ya paja lake, akapitisha kiganja cha kushoto chini ya ule ulimi wa chuma, polepole, jinsi mtu anavyoinua mguu wa mtoto aliyelala asimwamshe. Akakaa hivyo. Kisha akatoa mkono.

"Huyu si Wavinya," akasema.

Hakukasirika. Alisema kama mtu aliyeletewa mgonjwa wa kitanda kingine. Hapo ndipo Ramzi alipomwaga yote: mafuta ya taa, msasa, sheria yake ya vitu vinavyosogea, na kwamba hakujua. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Mama Wavinya aliweka kikombe chini na kuvuta leso yake mabegani, ingawa kulikuwa na joto.

"Tunaweza kuitafuta," Mwalimu akasema. "Mkono wangu unamjua. Legeza hiyo skrubu, mzee wangu, usogeze kidogo kidogo. Nitakwambia."

Ramzi akapiga magoti mbele yake. Mzee akafumba macho, kiganja chini ya chuma, na mume wangu akawa anafungua ulimi ule kwa upana wa unywele, anasimama, anauliza. Hapa? Aiee, siyo, rudisha. Hapa? Bado. Hapa? Mara moja uso wa mzee ulifunguka, akasema ndiyo, hapa, kaza, na Ramzi akakaza. Tukapumua. Mzee akatoa mkono, akaurudisha kuhakikisha, na furaha ile ikamtoka usoni taratibu. Akasema ilegezwe tena.

Waliendelea hivyo hadi adhana ya alasiri ikapita na chai ikaota utando. Ramzi, ambaye hajawahi kuchelewa alasiri tangu nimjue, hakuinuka. Kila pembe mzee aliikubali kidogo na kuikataa kidogo. Mwishoni mkono wenyewe ulichoka, na kila kitu kilichopita juu yake kikawa kinaweza kuwa Wavinya.

"Nilidhani mkono ndio unakumbuka," akasema. "Kumbe ni hiki chuma kilikuwa kinanikumbushia."

Ramzi akamgeukia mama, akamwuliza kama yeye anakumbuka. Mama Wavinya alisema mambo ya pembe hayajui, hayo yalikuwa ya baba yake Wavinya. Yeye alimbeba mgongoni. Sokoni, mtoni, kliniki, kila mahali, maana kutembea na kigango mtoto alichoka upesi. Akagusa ubavu wake chini ya titi. "Mguu ule ulikuwa unanigonga hapa," akasema. "Ule mwingine ulining'inia chini. Huu ulinigonga hapa tu."

Nikaona vidole vyake vimebaki pale pale ubavuni. Sikuweza kumtazama tena, nikaanza kukusanya vikombe ambavyo havijamalizwa.

 Mwalimu akamwuliza Ramzi swali ambalo sisi wote hatukulitegemea. Akauliza, siku ile ilipoachia, ulimi ulifika wapi.

Ramzi hakutaka kujibu. Akajibu. "Ulinyooka, Mwalimu. Wote."

"Bila kulazimisha?"

"Kwa kidole kimoja."

Mzee akatikisa kichwa mara mbili tatu, kama mwalimu anayesikia jibu ambalo mwanafunzi amelipata bila kulifanyia kazi. Akaichukua skwea kwenye mapaja yake, akaibana na ule mkono uliolala, na kwa kidole cha mkono mzima akausukuma ulimi hadi mwisho. Ukanyooka na mpini. Akamwomba Ramzi akaze skrubu kwa nguvu zake zote, na Ramzi akakaza mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Basi," Mwalimu akasema. "Mwache anyooke."

Uso wake ulikuwa umelowa, lakini umetulia. Ramzi aliushika mkono wake na kuubusu, naye akamwachia. Kwa muda mfupi nilidhani kwamba Mungu ametupa njia ya kutokea, na mimi pia nikalia, nikashukuru.

Walipoinuka kwenda, Ramzi alimshika mzee kumshusha ngazi za mlangoni. Nilimwekea Mama Wavinya skwea kwenye kitambaa safi, nikakikunja vizuri, nikampa. Hakuipokea. Alisema nimpe Mwalimu mwenyewe aibebe. Nikadhani labda ni nzito kwake, nikamwambia nitawasindikiza nayo hadi kwenye gari.

"Si uzito, dada yangu," akaniambia, kwa sauti ya chini ili mumewe asisikie. "Yeye amemaliza kazi yake, nafurahi kwa ajili yake. Lakini mimi mwana wakwa, mtoto wangu, alikuwa amekunja mguu. Huyo aliyenyooka, simjui."

Akashuka ngazi, akamfuata mumewe nyuma, akimwangalia miguu.