Mwezi wa Juu ya Tangi

Mjane wa sonara alikuwa amefunga tangu alfajiri. Kwa desturi yao ya Kihindu, asingeonja kitu kabla ya kuuona mwezi mwandamo. Jua lilipotua, mke wa mwanawe alimletea maji juu ya paa.

“Ule pale, mama, juu ya tangi.”

Macho ya bibi yalikuwa na ukungu, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Sauti ile ilikuwa na haraka mno, akaingiwa na shaka.

“Basi tangulia wewe kunywa.”

Mkwewe akaishika glasi bila kunywa. Kumbe naye alikuwa amefunga kimyakimya!

“Hujauona,” bibi alisema.

“Sijauona, mama. Mawingu yametanda. Niliogopa utazimia.”

Bibi alinuna, kisha akamsogezea nafasi kwenye benchi. “Kaa, mwongo wangu. Tuungoje wote.”