Herufi Zisizoonekana

Umewahi kuandika neno kwa vidole vyako mwenyewe, herufi moja moja, halafu ukatazama usione kitu? Hivyo ndivyo ilivyomkuta mkutubi mmoja asubuhi moja, akampigia simu mkaza mwanawe.

Mkaza mwana alikuwa fundi wa kompyuta, ingawa ufundi wenyewe aliuweka kabatini tangu ajifungue, mwaka na nusu sasa. Alifika maktaba na mtoto mgongoni, na ombi ambalo alikuwa hajathubutu kulitoa. Kuna ofisi ilimwita kazini, asubuhi tu, siku tatu kwa wiki, nao walitaka jibu kabla ya saa sita mchana huo huo. Wa kumwachia mtoto alikuwa mmoja tu: mama mkwe, aliyebakiza wiki mbili astaafu. Lakini mama mkwe alikwisha kutangaza mbele ya watu wote, wakila: "Nikistaafu nitalala mpaka jua linipige usoni."

Mumewe alikuwa amejitolea nyumbani. "Nimwambie mimi?"

Akakataa. Mtoto wa kuzaa akiomba, mama hukubali hata kama hataki. Alitaka kuomba mwenyewe. Na wiki tatu zilipita akiomba chumvi, akiomba ungo, hilo haombi.

Alimkuta mama mkwe chumba cha nyuma, kile chenye harufu ya gundi na karatasi kuukuu, na miwani mbili, moja machoni, nyingine imesahauliwa kichwani. Mezani kulikuwa na kibodi tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zote bubu hizi. Hata ya katibu nimeiazima, nayo bubu."

Skrini ilikuwa nyeusi, na alama ya dola, ile inayongoja amri, imekaa peke yake pembeni. Mkaza mwana akabonyeza enta. Alama nyingine ikatokea ubavuni mwa ile ya kwanza. Akabonyeza tena, ikaja ya tatu.

"Kibodi ni nzima zote, mama. Mashine inasikia, ila haionyeshi. Kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini?"

"Nasoma orodha ya vitabu, ile inayofunguka ukurasa kwa ukurasa. Nikafika mwisho, pale chini pameandikwa END. Naandika nifungue nyingine, haitaki. Nikafuata karatasi."

Karatasi ilibandikwa ukutani na fundi aliyetangulia: *Programu ikigoma, iue kwa nguvu.* Chini yake amri yenyewe. Mkutubi, aliyekaa miaka thelathini akiwahimiza watu wafuate maandishi ya ukutani, alifungua dirisha la pili kwenye skrini, akaifuata amri hiyo nukta kwa nukta.

"Haikugoma, mama. Ilingoja uiage. Unabonyeza q, inaondoka yenyewe. Ikiwa inasomwa huzificha herufi unazopiga, zisichafue ukurasa, na ikiagwa huzirudisha. Sasa wewe umeiua ghafla, imekufa kabla haijarudisha."

"Maskini. Nimeua msomaji ndani ya maktaba."

Mkaza mwana alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni.

"Sasa andika r, e, s, e, t. Hutaona kitu. Usirudie, usibadilishe kibodi. Ukimaliza, enta."

Mama mkwe akapiga kwa kidole kimoja, akiitamka kila herufi. Skrini kimya. Kidole kikasita hewani.

"Na kama nimekosea?"

"Itakwambia haiijui amri hiyo, tuanze upya. Hakuna kinachovunjika."

Akapiga enta. Skrini ikafutika, ikabaki alama moja safi. Akaita orodha yake, na herufi zikajitokeza moja baada ya nyingine kama wageni mlangoni. Akashuka hadi mwisho, akabonyeza q, akasema, "Haya, kwaheri." Kisha akachukua kalamu, na juu ya yale maandishi ya ukutani akaongeza: *Kwanza iage. Bonyeza q.*

Alipomaliza akampokea mtoto mgongoni mwa mamaye. Saa ya ukutani ilisema tano na nusu. Mkaza mwana alizikusanya kibodi mbili, akazipanga, akazipangua.

"Mama, nilikuwa nataka..."

"Chumvi imekwisha?"

"Hapana."

"Ungo?"

"Hapana, mama."

"Afadhali, maana nina ungo mmoja na uko kwako." Mama mkwe akamweka mtoto pajani, akamwachia muhuri wa maktaba auchezee. "Wiki tatu unakuja, unafungua mdomo, unatoka na ungo. Wanasema mficha uchi hazai, na wewe umekwisha kuzaa, huyu hapa. Unaficha nini? Sema, mwanangu. Mimi nasikia."

Mkaza mwana akaziacha kibodi.

"Nimepata kazi, mama. Asubuhi, siku tatu kwa wiki. Nataka unikalie na mtoto. Najua ulitaka kulala."