Miguu ya Tanga

Watu wa Gorong'a, kule Tarime, wanaijua Tanga vizuri kuliko wanavyoijua Musoma, na wengi wao Musoma yenyewe wamefika mara moja tu, tena kwa kesi. Tanga wameijua kwa mdomo wa Mzee Wangwe. Ukimkuta anapalilia mahindi, redio yake imening'inia kwenye tawi, ngoja tu rumba ya zamani ianze. Jembe litawekwa chini, nawe utasimuliwa Klabu ya Upepo, pale ufukweni, kuanzia mwaka sabini na sita hadi themanini na nne: bendi yenye tarumbeta nne, mawimbi yanapiga nyuma ya jukwaa, na watu waliovaa bugaluu pana za kufagia sakafu.

"Nyinyi mnaruka tu kama ndama waliofunguliwa," huwaambia vijana. "Sisi tulikuwa tunacheza dansi."

"Na wewe babu ulikuwa unacheza?"

"Mimi? Mura, kijana wangu, kaulize bahari."

Bahari haiko karibu na Gorong'a, kwa hiyo maswali yaliishia hapo. Isitoshe, miguu yake ilikuwa shahidi tosha. Akionyesha hatua mbili tatu katikati ya matuta ya mahindi, ulikuwa unaona kweli huyu si mtu wa hivi hivi.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mtu makini angelishtukia. Watu wote wa Tanga ya Mzee Wangwe walikuwa viatu. Kulikuwa na bwana wa raizoni zenye soli nene kama tofali. Kulikuwa na dada wa viatu vyekundu vyenye kifungo cha shaba, na karani wa bandari aliyemkanyaga kila aliyecheza naye. Kiatu alikuwa anakieleza nusu saa nzima, mpaka namna kisigino kilivyolika. Ukimuuliza kama huyo dada wa viatu vyekundu alikuwa mrefu au mfupi, anakohoa na kuulizia hali ya ng'ombe wako.

Ukweli ni huu, na hakuna haja ya kuuzungusha: Mzee Wangwe hakuwahi kuingia ndani ya Klabu ya Upepo hata siku moja. Alikuwa mlinzi. Miaka minane alikaa nje ya ua wa makuti akiwa na kigoda, rungu na tochi ya betri tatu. Meneja alishasema mlinzi akionekana ndani, kazi hana. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu klabu ilifungwa. Ila ule ua ulikuwa umeliwa na chumvi kwa chini, ukabaki wazi kama shubiri mbili, na kupitia upenyo huo Wangwe aliiona starehe yote ya Tanga kuanzia unyayo hadi chini kidogo ya goti. Alijifunza hapohapo mchangani, hatua kwa hatua. Alirudi nyumbani akiwa na miguu ya mfalme wa dansi. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa bado mchunga ng'ombe.

Angekuwa amewadanganya vijana tu, lisingekuwa neno. Tatizo lilikuwa Eunice, mkewe. Eunice alikuwa ameshaposwa na mtu wa ng'ombe arobaini, mtu mzima na heshima zake, ndipo akatokea kijana wa kutoka Tanga mwenye bugaluu moja na ng'ombe kumi na wawili aliochangiwa na baba zake wadogo. Eunice akamchagua wa Tanga. Wangwe aliamini amechaguliwa kwa sababu ya dansi, na hofu ikamkaa rohoni siku hiyo na haikutoka tena. Ndiyo maana, katika miaka arobaini ya ndoa, hakuwahi kucheza na mkewe hata wimbo mmoja. Ukicheza na mtu lazima umshike, na Wangwe hakujua mtu anashikwa wapi. Kila harusi alikuwa na lake: mara magoti, mara vumbi, mara huu wa siku hizi si muziki.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Wangwe yeye alikuwa amepewa miaka, na ikaisha Jumatano moja wakati anakunywa uji, simu ilipoita. Alikuwa mjukuu wake Sarah, mwalimu kule Machochwe, ambaye Jumamosi hiyo angefanyiwa sendofu kabla ya kuolewa na Godwin wa Nyansurura. Kwenye ratiba aliyoichapa mwenyewe Sarah alikuwa ameandika: *Babu kufungua dansi kwa mtindo wa Tanga.*

"Shikamoo babu! Una bahati wewe! Bibi yake Godwin, Bibi Agustina, kumbe naye aliishi Tanga! Tena Klabu ya Upepo hiyohiyo! Anasema alikuwa na meza yake kila Jumamosi. Nimeshapanga, mtafungua dansi pamoja!"

"Marahaba," alisema Wangwe, na simu ikatumbukia kwenye uji.

Alhamisi akaumwa malaria. Zahanati walimpima wakamwambia hana. Ijumaa akateguka mguu. Alizungusha bendeji nene mguu wa kushoto, akachechemea vizuri sana kutwa nzima, hata jirani mmoja akamletea maziwa. Jumamosi asubuhi, kwa haraka za kuvaa, akaifunga mguu wa kulia. Eunice alikuwa anampigia pasi shati. Akaitazama ile bendeji, akamtazama mwenyewe.

"Maumivu yamehama?"

"Yanatembea," alisema Wangwe. "Ni ya aina hiyo."

"Pole. Yatembee basi mpaka barabarani, gari linatungoja."

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Upande mmoja ndugu wa Sarah, upande wa pili wageni kutoka Nyansurura, katikati keki, na pembeni spika mbili kubwa zikimngoja mzee. Wangwe alijibanza nyuma ya kreti za soda. Haikusaidia. Emsii alikuwa kijana anayeitwa Sylvester, mwenye suti inayong'aa na sauti isiyohitaji maiki, na alimtoa mafichoni kwa vigelegele.

"Mabibi na mabwana! Leo Tanga imekuja Tarime! Upande wetu, Mzee Wangwe, mfalme wa dansi! Upande wa wakwe zetu, Bibi Agustina, malkia wa Klabu ya Upepo!"

Bibi Agustina akainuka. Alikuwa mama mnene, kitenge kipya, fimbo mkononi, na macho ya mtu anayechagua mbuzi mnadani. Aliichukua maiki kwa Sylvester kabla hajapewa.

"Mkwe, habari za siku nyingi," alisema, na ukumbi wote ukacheka. "Wewe ulikuwa unakaa upande gani pale klabu?"

"Upande wa... langoni."

"Langoni. Basi utaikumbuka ile picha kubwa iliyochorwa ukutani, nyuma ya bendi."

"Naikumbuka."

"Ilikuwa picha ya nini?"

Watu wakatulia kumsikiliza. Wangwe alimwona Sarah anatabasamu, ana hakika kabisa na babu yake, na pembeni ya Sarah akamwona Eunice amekaa na pochi mbili mapajani, moja yake na moja ya jirani. Picha ingekuwa ya simba, ya meli, ya Yesu, yeye angejuaje? Cha ukutani kilikuwa juu ya goti, na juu ya goti yeye hakuwahi kuona. Aliona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akafanya lile alilozoea kufanya akizidiwa. Akatazama chini.

Chini kulikuwa na miguu ya Bibi Agustina ndani ya kandambili za dhahabu. Na kisigino cha kushoto kilikuwa kinagonga sakafu mara mbili, kinatulia, kinagonga tena mara mbili.

Wangwe alikijua kisigino kile. Nyuma ya klabu, upande wa jikoni, kulikuwa na mlango, na kila bendi ilipopiga rumba ya polepole zilitoka hapo raba nyeupe. Kisigino cha kushoto kiligonga mara mbili kabla ya kugeuka. Raba zile zilicheza vizuri kuliko viatu vyote vya Tanga, na hakikuwahi kuonekana kiatu kingine mbele ya raba hizo.

Akanyoosha mkono, akaiziba maiki kwa kiganja.

"Mkwe," alinong'ona, "wewe ni raba nyeupe. Za jikoni."

Kisigino kikasimama.

"Usiniaibishe," alinong'ona Bibi Agustina, na ukali wote ukamwisha. "Nilikuwa naosha glasi. Hawa wajukuu nimewaambia nilikuwa na meza. Nilikuuliza ile picha nikuwahi kabla hujaniwahi. Hata kama ilikuwepo sijui, mimi nalijua jiko tu."

"Na mimi nilijua unataka kuniumbua."

"Lakini wewe uliniona wapi? Kule nyuma palikuwa giza. Palikuwa na mwanga wa tochi tu, unaingia chini ya..." Akakatisha. Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe. "Tochi."

"Palikuwa na vipande vya chupa," alisema Wangwe. "Ungejikata."

Bibi Agustina akaubandua mkono wa Wangwe kwenye maiki kidole kimoja kimoja.

"Amejibu!" alitangaza. "Huyu ni mtu wa Klabu ya Upepo kabisa! Kila aliyeingia pale alimpita yeye!"

Ukumbi ukalipuka. Sylvester akaashiria kwenye spika, rumba ikaanza, na Wangwe hakupata hata nafasi ya kukumbuka kwamba ameteguka.

Jamani, miguu ile! Minne iliteleza kwenye saruji ya parokia kama imepakwa samli. Kisigino kiligonga mara mbili, soli ikajibu, wakazunguka, wakapishana bila kugusana. Bendeji ilifunguka ikamfuata Wangwe nyuma kama mkia, na hakuna aliyejali. Ajabu ilikuwa huko juu. Wazee wote wawili walikuwa wamenyoosha mikono chini, imekakamaa, kila mmoja hatua moja mbali na mwenzake, kama polisi kwenye gwaride. Hakuna aliyewahi kuwa na mtu wa kumshika.

"Mikono chini!" alipaza sauti Sylvester, ambaye hakutaka kupitwa na jambo. "Mmeona? Huo ndio mtindo wa Tanga! Twende wote, mikono chini!"

Vijana wa Gorong'a na vijana wa Nyansurura wakajaa katikati, bibi harusi na bwana harusi wakiwa mbele, mikono yote imekakamaa ubavuni. Mpaka leo kwenye sherehe za Tarime utawaona, na ukiwauliza watakwambia ndivyo watu wa pwani walivyocheza zamani.

Wimbo ulipokwisha Wangwe alijivuta hadi kwenye kreti za soda akihema. Amepona. Mbele ya watu amepona, na alipaswa kufurahi. Badala yake moyo ulimuuma, kwa sababu mwanamke wa Nyansurura aliyemjua kwa raba tu alikuwa amecheza naye, na mke wake alikuwa bado ameshika pochi. Eunice akaja taratibu, bendeji ameikunja vizuri mkononi.

"Mkwe ana miguu mizuri," alisema.

"Eunice. Kuna jambo la Tanga sijawahi kukwambia."

"Kwamba ulikuwa mlinzi."

Wangwe akakaa juu ya kreti.

"Nani kakwambia? Ni yule mama?"

"Siku uliyokuja kwetu kuposa uliwekewa kiti katikati ya nyumba. Ukakibeba ukakipeleka mlangoni, ukakaa unatazama miguu ya kila anayeingia. Ulipoondoka tata, baba yangu, akasema, huyu ni mlinzi. Nikamwambia nimeona, na ndiye ninayemtaka."

"Ukamwacha wa ng'ombe arobaini? Kwa ajili ya mlinzi?"

"Wa ng'ombe arobaini alimtazama baba yangu tu. Wewe uliniambia kiatu changu cha kulia kimelika upande mmoja na kufumuka, ukanivua, ukakishona palepale mlangoni. Nilikuwa nimechechemea mwezi mzima na hakuna mtu hata mmoja aliyeona."

Wangwe alikuwa amebeba deni hilo miaka arobaini, kumbe mwenye mali alishalisamehe tangu mlangoni.

"Uongo wako sikuukasirikia," aliendelea Eunice, na sasa sauti yake ikapanda. "Tena ni mtamu, mimi mwenyewe nampenda yule karani anayekanyaga watu. Nilichokasirikia ni dansi. Dansi, dansi, kila siku dansi, na harusi zote hizo mimi nimekaa nashika pochi za wanawake wenzangu! Magoti, vumbi, muziki mbaya! Leo mguu umehama!"

"Sijui kushika," alisema Wangwe kwa sauti ndogo. "Eunice, sijui mikono inakaa wapi. Ile nafasi chini ya ua ilikuwa inaishia gotini."

Eunice akamwita mama wa jirani, akampa pochi zote mbili, na kwa kuwa mama huyo alikuwa ameshika sahani ya pilau alilazimika kuzining'iniza shingoni. Rumba nyingine ilikuwa imeanza. Eunice akamwinua mumewe kwenye kreti, akauchukua mkono wake wa kulia akauweka mgongoni kwake, akaupokea wa kushoto kwenye kiganja.

"Huu hapa. Na huu hapa. Usibane, sikimbii."

"Wewe umejifunzia wapi?"

"Hukohuko kwenye kushika pochi. Nyinyi mkiangalia miguu, mimi nilikuwa naangalia mikono."

Wakaanza. Mzee Wangwe hakuwa amewahi kucheza na miguu mingine karibu hivyo mbele yake, na katika hatua ya kwanza akamkanyaga mkewe kidole gumba, sawasawa kabisa na yule karani wa bandari. Akataka kumwachia amwombe radhi. Eunice akamwambia aendelee.