Mkoba wa Tatu

Kwenye maduka ya bei ya punguzo nje ya Firenze, Italia, pasipoti moja hununua mikoba miwili tu ya kifahari kwa mwezi. Sisi Wachina wa Prato, mji wa jirani, tunaowanunulia matajiri wa nyumbani, sheria hiyo tunaijua kuliko wauzaji. Miwili yangu nilikwisha kuinunua. Wa tatu, wa kijani, aliutaka mteja aliyenilisha miaka sita, na alikuwa ameniambia wazi: nikiukosa leo, anahamia kwa Lihong, mnunuzi mwenzangu. Basi nikamleta mama yangu na pasipoti yake.

Ulibaki mmoja. Mama aliuwahi, akaukumbatia. Lihong, naye aliyeufuata huo huo, akaudaka mkanda.

"Achia, bibi! Utabebea nini mkoba huu, kabichi?"

"Nitabebea ulimi wako!"

Lihong akamzaba kofi, miwani ikaruka. Mama hakuachia. Nikafika mbio, nikamkamata yule mshenzi nywele, nikamgonga uso kwenye rafu ya kioo, mara moja, mara mbili. Sisemi uongo, niliona raha. Damu ikamchuruzika puani. Akarusha teke bila kutazama, likampata Mama gotini. Mama akaanguka, mkono ukavunjika chini yake, na sote tukausikia.

Mkoba ulianguka pamoja naye. Nikauinamia mkoba.

Mlinzi alimburuta Lihong nje, naye anapiga kelele: "Mtazame mama yako, shetani we!" Sikumtazama. Nilikuwa nimeshafika kaunta, chumba cha pili, natweta mbele ya Ginevra, muuzaji ambaye hakuwa ameona kitu.

Akafungua pasipoti. "Huyu si wewe, dada. Mwenyewe lazima asimame hapa atie sahihi."

"Anakuja."

Nikarudi mbio chumba cha kwanza. Mama alikuwa ameketi sakafuni, uso umempauka, kiganja kimegeukia kusikofaa. Mwanamke mmoja alishatoa simu aite gari la wagonjwa.

"Subiri kwanza," nikamwambia.

Nikamwinua Mama kwa makwapa. Alipiga yowe hadi duka zima likanyamaza. Nikamkokota hivyo hivyo, mguu mmoja ukiburutika, mpaka kaunta. Ginevra alipouona ule mkono akajiziba mdomo, lakini karatasi akaisukuma.

Mama akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Akaandika jina lake polepole, jasho likimdondoka juu ya karatasi. Kisha akanigeukia, akanipapasa shavu.

"Na wewe, Yan, hajakuumiza popote?"