Tenga la Usipa Wodini

Eliza alizungusha kanga kwenye mguu wa mwanawe kuanzia gotini hadi chini, akaikaza, akapiga mafundo mawili. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, hita imezima, na baridi ya Julai ya Mbinga haimhurumii mtu aliyekulia Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwanawe asipigwe na baridi yeye yupo.

Mwanawe, Rodrick, alikuwa dereva wa bodaboda. Pikipiki ilipinduka na magunia ya kahawa, mfupa wa muundi ukabaki wazi. Juzi madaktari wageni walikata nyama pajani wakaipandikiza pale, wakaunga mishipa ya damu kwa uzi mwembamba kuliko unywele, kisha wakaondoka. Nyama ikikosa damu, walisema, mguu utakatwa.

Nesi Tunu alifunua blanketi, akashtuka.

"Mama! Nani kafunga hivi?"

"Mimi. Si mlisema asipate baridi?"

"Joto sawa, kubana hapana! Unaziba mishipa!"

Akaifungua kanga haraka. Nyama ilikuwa imepauka kama tumbo la samaki. Eliza akashika kichwa. Nimemkata mguu mwanangu, aliwaza, kwa mikono yangu mwenyewe.

Tunu alibonyeza kwa kidole, akasubiri. Akabonyeza tena. Taratibu wekundu ukaanza kurudi.

"Inarudi, mama. Pumua."

Eliza alilia kwa sauti, wodi nzima ikimtazama.

"Mama nawe," Rodrick alisema, "mimi si kifurushi cha usipa."

Wagonjwa wakacheka. Naye akacheka, machozi yakiendelea kumtoka.

Lakini hata blanketi lilikuwa zito, likiigandamiza nyama.

"Ipo fremu ya chuma ya kuliinua," Tunu alisema. "Katibu kaifungia stoo, anaogopa itaharibika."

Basi Eliza akatoa tenga alilobebea usipa, dagaa wa ziwani, kutoka nyumbani. Walilisugua kwa sabuni na Jik, wakalikata pembeni, likasimama juu ya mguu bila kuugusa. Juu yake wakatandika shuka safi na blanketi, na pembeni wakaweka chupa za maji ya uvuguvugu.

Saa nne aliingia Othmar, katibu wa hospitali, tai shingoni. Hakutoa hata shikamoo.

"Nini hiki? Wodi inanuka samaki! Mgeni kutoka mkoani anafika sasa hivi. Ondoa!"

Eliza alisimama kati yake na kitanda. Asubuhi ile alikuwa ameshakosea mara moja, na hakuwa tayari kukosea tena kwa sababu ya kumtii mtu.

"Baba, leta ile fremu ya chuma, tenga nitaliondoa. Bila hiyo, usiguse."

Othmar alimtazama, akatazama saa yake, akatoka. Fremu ikaja, ingali na nailoni yake ya dukani. Tenga likasukumwa uvunguni. Mgeni akapiga picha na fremu, akapongeza huduma, akaondoka.

Vumbi la gari lake halijatulia, Othmar akarudi na ufunguo wa stoo mkononi. Alikuwa mtu wa kutunza, huyo. Alitunza hata vilivyonunuliwa ili vitumike.

"Tunairudisha," alisema. "Vifaa lazima vitunzwe."

Eliza aliinama, akavuta tenga kutoka uvunguni. Tunu aliinua blanketi, akabonyeza nyama kwa kidole. Ilikuwa na joto lake na wekundu wake.

"Itunze, baba," Eliza alisema, akilisimamisha tenga mahali pake. "Sisi tunatunza mguu."