Mwanafunzi wa Kumi

Mkuu wetu wa chuo, Mwalimu Nicholaus, hana mdomo mbaya. Ndiyo maana niliogopa aliponiita na kuniambia kwa upole, "Mwalimu Mwamini, darasa lako la ushonaji lina wanane. Wasipofika kumi mpaka Ijumaa, mwaka huu hatulifungui. Na mkataba wako unajua unavyosema."

Najua unavyosema! Nimefundisha hapa Ruangwa miaka kumi na tisa. Mwaka niliofika, wasichana thelathini na wanne waligombea vyerehani kumi na viwili, wawili wawili kwenye kiti kimoja. Siku hizi nguo zinakuja zimeshonwa tayari, na tangu migodi ianze kuajiri, kila mtoto anataka umeme, mitambo, uchomeleaji. Kwa mwalimu wa uchomeleaji wanasimama mpaka dirishani. Kwangu mimi kuna vumbi.

Basi Jumatano nikapanda bodaboda mpaka Lionja, mvua inaninyeshea, nikamtafuta Fatu niliyesoma naye shule ya msingi. Nilimkuta barazani anamenya mihogo. Binti yake, Nasma, kamaliza kidato cha nne na yupo tu nyumbani.

"Mlete kwangu ajifunze kushona, Mama Nasma," nikasema. "Hatalala njaa."

"Mbona wote wanasema kuchomelea?" Fatu akaweka kisu chini. "Wa kwako, Zulfa, anasoma nini?"

Zulfa mwenyewe nilikuwa sijamuuliza. Lakini ulimi huu! Ukanitangulia. "Ushonaji. Si nimemwandikisha mwenyewe."

"Ah, kama mwalimu kamweka wa kwake, mimi nani nikatae?" Akamwita Nasma ajaze fomu. Mtoto akajaza kimya, hakuniangalia hata mara moja. Nikajifanya sioni. Nilikuwa nahesabu: tisa.

Nikarudi nyumbani na furaha yangu, nikamkuta Zulfa jikoni, macho mekundu yamevimba, ameyawekea vipande vya kiazi kibichi.

"Nani amekuliza? Mwanaume gani? Mtaje!"

"Mama, hamna mwanaume."

"Haya, macho hayo yamevimba kwa kitu gani, vitunguu?"

Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Moto, Mama. Nilikuwa kwa fundi Masoudi, pale stendi, namwangalia anavyochomelea. Miwani anayo moja tu." Kisha akachomoa fomu kwenye daftari lake. Fani: Uchomeleaji. Kwenye mstari wa sababu ameandika: Napenda kuona chuma kilichovunjika kinashikana.

Nikamnyang'anya ile fomu. "Wewe! Nimeshasema kule Lionja kwamba unasoma ushonaji! Unataka niumbuke? Na kazi yangu ikiisha, tutakula cheche za Masoudi?"

"Mama, ushonaji hauna dili siku hizi," akasema taratibu. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu ni kweli. Nikafoka mpaka sauti ikakauka.

Ijumaa asubuhi nikakuta fomu mpya juu ya cherehani changu cha nyumbani, kile chenye kanyagio lililopasuka ninalolifunga kwa mpira wa baiskeli. Ni mwandiko wa Zulfa. Fani: Ushonaji. Wa kumi! Wallahi nilipiga kigelegele peke yangu.

Nje ya ofisi ya mkuu nikazikagua fomu kabla ya kuzikabidhi. Wengine wameandika wanataka kujiajiri, wengine wanapenda mitindo. Nikafika ya Zulfa. Kwenye mstari wa sababu ameandika: Mama yangu asikose kazi.

Nikakaa kwenye benchi. Nilimwonea huruma na nikajionea aibu, vyote kwa pamoja. Mtoto wangu mwenyewe nimemfanya kiraka cha kuzibia shimo langu.

Nikampigia Fatu. "Mama Nasma, nilikudanganya. Zulfa anataka kuchomelea."

Nikajua leo nitatukanwa mpaka bibi yangu kaburini asikie.

"We Mwamini, una nini lakini?" akasema. "Huyu mtoto analia tangu Jumatano, na yeye anataka huko huko. Mwandike kwenye huo moto wao. Na siku ukija tena hapa, uje na sukari ya kuniomba radhi."

Ile fomu ya kwanza ya Zulfa ilikuwa bado kwenye mkoba wangu. Nikaingia, nikaziweka fomu zote mezani. "Mkuu, wangu ni hawa wanane. Zulfa na Nasma waandike uchomeleaji."

"Lakini hapo si ulikuwa na kumi, Mwalimu?"

"Najua kuhesabu." Mkuu akageukia dirishani ili nijifute machozi.

Darasa halikufunguliwa. Sita kati ya wale wanane walihamia fani nyingine, wawili wakarudi kwao kulima, na hao wawili wananiuma mpaka leo. Mimi nashonea barazani kwangu.

Wiki ya tatu Zulfa akarudi kutoka chuoni na Nasma, wote wamevaa ovaroli za kiume walizopewa. Mikono imefunika vidole, makalio yamefika magotini. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Vueni niwapunguzie! Mtashika moto na hiyo minguo."

"Subiri, Mama." Akatoa kwenye mfuko kanyagio langu. Kumbe ndiye aliyelichomoa asubuhi bila kuniambia, na mimi nimeshinda nalitafuta huku natukana mtaa mzima! Ule ufa umejazwa chuma, una mabonge kama ugali uliopikwa na mwanaume.

"Ni kazi yangu ya kwanza. Usiicheke."

Sikuicheka. Akalirudisha mahali pake, akakaza nati, akasogea pembeni. Nikaweka mguu, nikakanyaga kidogo kidogo, halafu nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Halikutikisika. Akavua ovaroli yake, nikaichukua, nikakunja mkono wa kwanza, nikaanza kushona.