Meneja Aliposema Tutaonana

Machimbo yakinyamaza, mimi nalala njaa. Kelele ndiyo kazi! Hapa Katelembo mimi ni broka wa kokoto. Mtu anajenga Machakos mjini, namtafutia mwenye mawe, mwenye mashine ya kusaga na mwenye lori, nawasukumasukuma mpaka wakubaliane. Wenyewe kwa wenyewe hawaaminiani hata kidogo. Wananiamini mimi, Kalekye.

Halafu kampuni ikaja. Ikanunua mwamba, ikanunua mashine. Yakabaki malori, na wenye malori ni vichwa ngumu. Meneja, Yasin, kijana wa Mombasa mwenye Kiswahili kitamu, akanifuata mpaka kwangu.

"Mama, wanakusikiliza wewe. Waambie watuuzie malori, wawe madereva wetu wa mshahara."

"Na mimi je?"

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Tutaonana, mama. Inshallah tutaonana."

Basi! Usiku huo nililala vizuri. Kwetu machimboni, broka akimaliza kazi akaambiwa "tutaonana," ameahidiwa chake. Hata mbuzi wa Katelembo wanajua. Nikajiona nimeshapata ofisi na kiti cha kuzunguka.

Nikawaendea mmoja mmoja, sikai, situlii. Aliyenisumbua zaidi ni mdogo wangu, Masila. Lori lake alilinunua kwa kuuza shamba aliloachiwa na baba kule Kola.

"Ai, Kalekye! Nikiuza hii gari nabaki na nini?"

"Unabaki na mimi. Mimi niko ndani, meneja nimeshaongea naye. Nani atakugusa?"

Akaniangalia sana. Akauza.

Jumatatu nikavaa rinda la kanisani, nikaenda. Nikakuta wameweka geti, na Yasin amesimama hapo.

"Nimekuja tuonane," nikamwambia.

"Kuhusu nini, mama?"

"Kuhusu nini? Si ulisema tutaonana!"

Kijana wa watu, uso ukamshuka. "Mama, nisamehe. Mimi nilikuwa naaga tu. Kampuni imenunua kila kitu ili isihitaji broka tena. Nilidhani unajua."

Alidhani ninajua! Nilitaka kumtukana, lakini nimtukane kwa lipi? Huyu hakunidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, tena nikazunguka na uongo huo nyumba hadi nyumba. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nyuma ya geti lori likapiga honi, limejaa kokoto, linataka kutoka. Lilikuwa lile lile la Masila, limepakwa rangi ya kampuni, na yeye kwenye usukani na shati jipya la kampuni. Akaniona na rinda langu, akatoa kichwa dirishani, meno yote nje.

"Dada! Umekuja kazini? Wamekupa ofisi gani, nikuletee chai nikirudi?"

Mlinzi akafungua geti. Yasin akatazama chini. Nikamwonyesha ndugu yangu kwa kidole jengo la kwanza la ofisi zao, lile lenye mlango wa buluu, naye akaondoka akiimba.